Mtetemo Ulioanza Baada ya Pasaka

Nilifika Ngokolo, mjini Shinyanga, siku ya tatu baada ya mazishi. Safari ya kutoka kwetu ni ndefu, na magoti yangu siku hizi hayapendi kukaa garini, lakini kuna misiba ambayo mtu hawezi kutuma salamu tu. Mama Mwajuma alikuwa ameketi juu ya mkeka katika chumba kile kile cha mbele ambamo zamani nilikunywa chai isiyo na sukari siku nyingi. Aliponiona hakulia. Alisema, "Sista, umekuja. Fundi wako ametangulia." Nikaketi karibu naye, akanishika mkono akauweka juu ya paja lake kama mtu anayetunza kitu kisianguke. Wanawake waliokuwepo, wengi wao wajukuu na wake wa wajukuu, walinitazama na msalaba wangu kifuani wakashindwa kuuliza, na yeye akaona. "Huyu ndiye aliyeleta gari lenye homa," akawaambia. Hawakuelewa. Sisi wawili tukacheka, kwa sauti ndogo inayofaa msibani, na kupitia dirishani nikaona mahali palipokuwa na karakana ya Fundi. Sasa kuna ukuta wa matofali na duka la vinywaji. Nikamshukuru Mungu kwamba nilipaona pakiwa na mafuta ya gari ardhini na harufu ya chuma.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala niliitikiaje wito. Hayo yana mahali pake. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, mwaka wa themanini, nilipokuwa na miaka ishirini na minne na nadhiri za muda, katika misheni yetu upande wa Ushirombo. Januari mwaka ule dereva wetu aliacha ufunguo wa pikapu juu ya meza ya jikoni, pamoja na kofia yake, akaenda kuchimba dhahabu upande wa Geita kama wengi walivyokuwa wakifanya. Hakuaga. Kwa kuwa alikuwa amenifundisha kuendesha, na kwa kuwa katika nyumba yetu mimi peke yangu nilikuwa na leseni, Sista Mkubwa aliuchukua ufunguo ule, akaushika muda mrefu, akanipa. Alikuwa mwanamke mkavu wa maneno, mwadilifu, aliyelinda kila kitu cha nyumba kama atakayeulizwa siku ya hukumu. "Gari hili ni la wagonjwa," alisema. "Wewe unalishika tu."

Kazi kubwa ya pikapu ilikuwa kliniki ya Bondeni. Hilo ndilo jina tulilokipa kigango kimoja kilichokuwa chini ya vilima, katikati ya vijiji vya wakulima na kambi za wachimbaji. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumanne, tulipakia masanduku ya dawa, mzani wa kupimia watoto, na chupa kubwa ya baridi yenye chanjo, mimi nikashika usukani na Sista Emiliana, muuguzi wetu, akakaa pembeni yangu akisali rozari kwa sauti kila barabara ilipokuwa mbaya, maana yake alisali njia nzima. Mwishoni kulikuwa na mteremko mrefu wenye kona saba. Ukimaliza kona ya saba uko uani mwa kanisa la udongo, na wanawake na watoto wamekwisha kukusanyika. Hapakuwa na zahanati nyingine ambayo mama mwenye mtoto mgonjwa angeweza kuifikia kwa miguu akarudi siku hiyo hiyo. Nayasema haya ili ieleweke kwamba gari lile likisimama, hapakuwa na kitu cha kuziba pengo lake.

Baada ya Pasaka pikapu ilianza kutetemeka. Mwanzoni kidogo tu, nikadhani ni barabara. Kisha nikaona kwamba kila nilipokanyaga breki, rozari niliyoitundika kwenye kioo cha mbele ilicheza kama mtu anayetikisa ungo, na usukani ukatetemeka mikononi mwangu hadi viwiko. Safari iliyofuata Sista Emiliana aliacha kusali katikati ya fumbo la tatu akaniuliza, "Ni wewe au ni gari?" Nikapunguza mwendo. Nilimweleza Sista Mkubwa, naye akanituma Shinyanga kwa fundi mmoja Mwislamu aliyesifiwa na watu wote wenye magari, kwa sababu gari letu lilikuwa na breki za diski magurudumu ya mbele, na mafundi wa kwetu walizoea zile za ngoma tu. Nilikwenda polepole, Kahama, kisha Tinde, nikipunguza mwendo kwa gia kuliko kwa breki, na nilipofika Ngokolo nikamkuta mtu mwembamba wa miaka arobaini hivi, kofia ya kufuma kichwani, akiwa amelala chini ya lori.

"Shikamoo, Fundi," nikasema.

"Marahaba," akajibu kutoka chini. "Nani huyo mwenye viatu vya kufunika?"

Huyo ndiye Shabani Maganga, Baba Mwajuma. Alipotoka chini ya lori na kuona kwamba ni sista, na kwamba sista ndiye dereva, hakuonyesha mshangao. Wateja wake wawili waliokuwa wamekaa kwenye tairi kuukuu ndio waliouonyesha. Mmoja alisema kwa Kisukuma, akidhani sisikii, kwamba gari likiendeshwa na mwanamke lazima litetemeke, lina woga. Fundi akamjibu kwa Kiswahili ili nami nisikie vizuri: "Lako linaendeshwa na mwanaume, na liko hapa wiki ya pili." Kisha akanigeukia, na badala ya kushika spana akaanza kuniuliza maswali.

"Linatetemeka likienda tu, au ukikanyaga breki?"

"Nikikanyaga breki."

"Ukiwa mwendo mdogo au mkubwa?"

"Mkubwa zaidi. Mdogo, kidogo."

"Unausikia wapi? Mikononi, au makalioni? Samahani, Sista. Kwenye kiti."

"Mikononi. Na pedali inanipiga mguu."

"Ilianza lini?"

"Baada ya Pasaka."

"Kabla ya Pasaka mlifanya nini kipya? Tairi mpya, mzigo mpya, njia mpya?"

Nikafikiri kwa uaminifu. "Hakuna," nikasema.

Katika novisiati, miaka ya malezi kabla ya nadhiri, mlezi wetu alitufundisha kwamba mtu anayeungama kwa maneno ya jumla hajaungama kitu. Usiseme nimekosa upendo. Sema ulimnyima nani nini, siku gani. Sikutegemea kusikia namna ile ile ya kuulizwa katika karakana ya Ngokolo, lakini nilipokuwa nikijibu nilijikuta nimenyooka kama niko mbele ya padre. Alipomaliza kuuliza tukaenda pamoja barabara ya Tinde, yeye akiendesha. Karibu na Samuye, mahali peupe pasipo na watu wala mifugo, akakanyaga breki, na rozari ikacheza. Akatazama. "Hiyo tasbihi yako, Sista, usiitoe. Itakuwa kipimo changu." Kisha akaongeza mwendo tena, akavuta breki ya mkono polepole sana, akiwa ameondoa mguu kabisa kwenye pedali. Gari likapungua mwendo kimya kimya. Rozari ikatulia. "Breki ya mkono inashika magurudumu ya nyuma," alisema. "Kwa hiyo nyuma hapana kosa. Tumefukuza nusu ya washukiwa, na hatujafungua hata nati moja."

Alirudi akapiga jeki, akashika gurudumu juu na chini akalitikisa kutafuta beringi iliyolegea; haikulegea. Akabadilisha magurudumu, ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, tukatoka tena. Mtetemo ukabaki pale pale mbele, na hivyo tairi nazo zikaachiwa. Akakuta nati za gurudumu la kushoto zimekazwa ovyo, moja kwa nguvu, nyingine kwa huruma. Alinifundisha kuzikaza kwa kuruka, ya juu kisha ya chini, ya kulia kisha ya kushoto, ili gurudumu likae sawa. "Zinakazwa kwa msalaba, Sista. Na mimi ndiye ninayekufundisha wewe," alisema, na wale wawili kwenye tairi wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Lakini mtetemo haukuisha. Hapo ndipo alipofunga msumari kwenye kipande cha mti, akakisimamisha karibu na ile sahani ya chuma inayobanwa na breki, ncha ikiwa karibu kugusa, akaniambia nizungushe kwa mkono, polepole. Ncha ikakwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza, ikanyamaza. Kila mzunguko, mahali pale pale. "Imepinda," alisema. "Kwa macho huioni. Unene wa karatasi mbili. Lakini mguu wako unaiona." Diski ya upande wa pili ilikuwa hivyo hivyo. Akanionyesha pia madoa juu ya chuma, ya buluu na zambarau, kama shingo ya njiwa. "Hapa pamepata moto mkali. Moto peke yake ungeacha rangi. Kupinda hivi, naona moto halafu maji. Unavuka mito?"

Ilikuwa mwanzo wa Mei, mito bado imejaa. Nikasema ndiyo, kuna vijito viwili. Akaniambia nisiingie majini nikiwa nimetoka kufunga breki sana. Nisimame kwanza, ning'oe hata majani, nisali, chochote, chuma kipoe. Kisha akazipeleka diski kwa rafiki yake mkerezaji katika kiwanda cha kuchambua pamba, wakazichonga zikawa sawa. Siku zile mbili nilizosubiri nililala kwa masista wa mjini na mchana nilikaa katika chumba cha Mama Mwajuma. Sukari haikuwepo nchini, sabuni ilikuwa ya kutafuta, na spea za gari letu hazikuwepo hata Dar es Salaam. Vita vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, na kila mtu aliishi kwa kubana. Mama Mwajuma alinipa chai kavu na matobolwa, yale ya viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, ukavitia mdomoni vikalainika polepole na kuifanya chai iwe tamu yenyewe. Kupitia ukutani nilimsikia Fundi akibishana na wateja kuhusu mpira na kuhusu nani alianzisha mtindo wa kuweka mafuta ya nazi kwenye breki. Nilirudi misheni gari likiwa zima. Rozari ilining'inia kama katika kanisa.

Mwezi Juni likaanza tena.

Nilikuwa nimetii kila neno. Kwenye kijito cha kwanza na cha pili nilisimama na kungoja, hata Sista Emiliana akazoea kushuka na kutafuta mboga za porini. Lakini likatetemeka vile vile, na nikarudi Ngokolo na aibu ya mwanafunzi aliyefeli somo analolijua. Fundi akauliza maswali yale yale kwa mpangilio ule ule, kama hajawahi kuniona. Nililiona hilo baadaye kuwa ni heshima: hakutaka kuniamini kwa uvivu wala kunishuku kwa uvivu. Diski zikachongwa mara ya pili. Aliporudi nazo alizipima kwa kibano, kisha akanionyesha ukingo wake. "Zimebakiza mkato mmoja, Sista. Mmoja. Baada ya hapo zitakuwa nyembamba kama sahani ya chai, na mimi sitakufungia, kwa sababu zitapasuka kwenye mteremko na nitaulizwa na Mwenyezi Mungu."

Agosti, siku ya Jumatano baada ya Bondeni, nilikuwa bustanini nikimwagilia sukuma wiki chini ya dirisha la chumba cha kulia. Ndani Sista Mkubwa alikuwa akizungumza na Sista Emiliana. Sikwenda kusikiliza, lakini pia sikuondoka, na hilo nililiungama baadaye. "Limeanza tena, sivyo?" Sista Mkubwa aliuliza. Emiliana, ambaye hakuweza kusema uongo, alisema ndiyo, kidogo. Kijiko kikawekwa mezani. "Basi ni mguu wake. Fundi anatengeneza, yeye anaharibu. Liende mara ya mwisho. Likirudi likatetemeka, tunaliegesha, kliniki ya Bondeni tunaifunga, na yeye arudi jikoni." Emiliana akauliza, "Na wale mama?" Sista Mkubwa akasema, "Wale mama nitawabeba mimi moyoni. Lakini siwezi kuwaua ninyi barabarani." Nilisimama na ndoo tupu. Jiko sikuliogopa, nilipenda kupika. Nilichokiona mbele yangu ni ule ua wa Bondeni, siku ya Jumanne, wanawake wamekaa na watoto mapajani wakitega sikio kuelekea kilimani.

Fundi alipoona gari kwa mara ya tatu hakulala chini yake. Aliigusa diski, akatazama madoa mapya ya rangi ya njiwa, akaketi kwenye tairi kuukuu. "Nchi nzima imekauka," alisema. "Vijito vyako?"

"Ni mchanga mtupu."

"Mimi naona moto, na naona maji. Moto naweza kuukisia. Maji yanatoka wapi?"

"Hakuna maji kule, Fundi. Wanawake wanachimba mchangani mtoni kuyapata, wanatembea asubuhi nzima."

Akafuta mikono kwa kitambaa. "Gari halina kosa tena," akasema. "Nimelitengeneza mara mbili likatoka hapa zima. Kosa liko njiani, na njia siwezi kuipiga jeki hapa. Jumanne nakwenda nawe." Mama Mwajuma alikuwa mlangoni na sufuria. "Uende wapi?" akauliza. "Kwa Wakatoliki," alisema mumewe. "Basi vaa kanzu nyingine, hiyo ina grisi." Fundi hakuzichonga diski. Alisema mkato wa mwisho hautaguswa mpaka ajue.

Nilimwandikia Sista Mkubwa barua fupi, naye alikubali kwa sharti kwamba hiyo ndiyo safari ya mwisho. Hivyo Jumanne ile tulikuwa watatu mbele: mimi, Fundi katikati akiwa na magoti karibu na kidevu, na Sista Emiliana dirishani akisali kwa sauti ya chini kidogo kuliko kawaida kwa ajili ya mgeni. Fundi alisikiliza gari hadi tulipofika juu ya mteremko, nami nikafanya kama nilivyofanya siku zote: nikatoa gia, nikaliacha gari lijiendee.

"Kwa nini umetoa gia?"

"Kubana mafuta. Dereva wetu wa zamani alinifundisha hivyo."

"Na nani alikusifu kwa hilo?"

"Sista Mkubwa," nilijibu, na Emiliana akakatisha Salamu Maria.

Gari likashuka kona saba likiwa limeshikwa na breki peke yake. Kwenye kona ya tano harufu ya kuungua ikaingia ndani, harufu niliyokuwa nimeizoea kiasi cha kuiona kuwa ni ya mahali pale. "Huo ndio moto," alisema Fundi, bila hasira. "Umetoka hapa. Kuanzia leo, kushuka ni gia ya pili, na breki unagusa na kuachia. Lakini moto ni nusu. Endelea. Fanya kila kitu kama siku zote. Usinifiche kitu kwa sababu nipo."

Tukaingia uani. Wanawake wakaimba kama walivyoimba siku zote, na mimi nikashuka kama siku zote, nikashikwa mikono, nikavutwa kuelekea mlango wa kanisa kusalimia wazee. Nikasikia nyuma yangu sauti niliyoisikia mara kumi mwaka ule bila kuisikia: *shhhh*, kama mafuta yanapoingia kwenye kikaango. Niligeuka. Mama Kalekwa, mfinyanzi wa Bondeni, alikuwa ameinama mbele ya gurudumu la kushoto na debe la maji, akichota kwa kibuyu na kumwagia gurudumu, kwa taratibu, juu na chini na katikati, na mvuke ukampanda usoni. Mwenzake alikuwa upande wa kulia akifanya vivyo hivyo. Fundi Shabani alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale, mikono nyuma. Hakumtazama Mama Kalekwa. Alinitazama mimi.

Lazima nieleze maji yale yalitoka wapi, na simaanishi mtoni. Wakati wa Kwaresima niliwafundisha wanawake wa Bondeni juu ya Alhamisi Kuu. Nilisema kwamba Bwana aliinama akawaosha miguu wageni wake waliotoka vumbini, na kwamba anayekuja kwako kutoka mbali kwa ajili ya wema, mwoshe miguu. Nilifundisha vizuri, nilijua kwamba nimefundisha vizuri, na nilijipongeza kidogo. Wiki ya Pasaka mtoto wa Mama Kalekwa alishikwa na degedege, tukampeleka hospitali kwa pikapu ile akapona. Jumanne ya kliniki iliyofuata mama huyo alikuja na debe la maji aliyoyachimba mtoni, akaliinamia gari. "Sista," aliniambia, "huyu ndiye aliyetoka mbali. Miguu yake ni hii." Mimi nikatokwa na machozi, nikawaeleza wengine jinsi alivyoelewa somo kuliko wote, nao wakaanza kupokezana. Niliona magurudumu yaliyolowa kila nilipokuja. Niliposema kule Ngokolo kwamba hakuna kipya, na kwamba hakuna maji, sikudanganya. Nilikuwa nimeyaita sala, na sikuyahesabu kama maji.

Nilirudi kwa Fundi. "Ni mimi," nikamwambia. "Niliwafundisha mimi." Nikamweleza kwa maneno machache juu ya somo na juu ya yule mfinyanzi. Alisikiliza, akatikisa kichwa taratibu. "Basi usiwaambie wewe," alisema. "Ukiwaambia wewe, watasikia kwamba umelikataa." Akamwendea Mama Kalekwa, aliyekuwa ameinuka na kushika kiuno, akamwita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, mimi najua chuma tu, mambo ya dini yenu siyajui. Nasikia wewe ni mfinyanzi."

"Vyungu vyote unavyoviona hapa ni vyangu," alisema Mama Kalekwa. "Unataka kununua?"

"Nataka kuuliza. Chungu kimetoka motoni sasa hivi, bado chekundu. Ukikimwagia maji ya mtoni?"

Mama Kalekwa alifungua mdomo kujibu, kisha akaufunga. Akaliangalia gurudumu, ambalo bado lilikuwa likitoa mvuke mwembamba. Alikuwa mwanamke mwenye akili ya haraka, na sikupenda kuona jinsi ilivyomfikia. "Kinapasuka," alisema polepole. "Au kinapinda shingo." Akageuka kwangu. "Sista, tumelivunja gari?"

"Hamjalivunja," Fundi alisema kabla yangu. "Mmelipinda kidogo. Aliyelitia motoni ni Sista, kule juu. Ninyi mmemalizia."

"Wewe mzee una maneno," alisema Mama Kalekwa, na wanawake wakacheka, lakini yeye hakucheka. Alitazama debe. Lilikuwa limebaki zaidi ya nusu. Kila mtu pale alijua asubuhi aliyoitumia kuyapata maji yale, na kwamba maji yaliyochotwa kwa ajili ya kumpa mgeni hayarudishwi nyumbani. Kisha Fundi alitazama jua, akavua viatu. "Mayu," alisema, "na mimi nimetoka mbali, na adhuhuri imeingia. Kama hayo maji hayana mwenyewe, nimwagie nitawadhe." Mama Kalekwa akanitazama mimi akiniuliza kwa macho, nikaitikia. Akachota kwa kibuyu, akammwagia mikononi, akangoja asukutue, akammwagia tena, na mwisho, bila mtu kumfundisha, akainama akamwagia miguu yake polepole mpaka visigino, kama alivyokuwa akiliosha gurudumu. "Wabeja, mayu," Fundi akamshukuru kwa Kisukuma. Alisali pembeni ya kanisa letu la udongo, upande wenye kivuli, juu ya gunia safi alilotandikiwa, na wale wanawake wa Kikatoliki waliwanyamazisha watoto wao mpaka alipomaliza.

Nilimweleza Sista Mkubwa yote siku ile ile, nikiwa nimesimama mbele ya meza yake: gia niliyoitoa, harufu niliyoizoea, somo nililolifundisha, maji niliyoyaona nisiyahesabu. Nilitaja siku na idadi ya mara, kama nilivyofundishwa. Alikuwa na haki ya kunyoosha mkono aombe ufunguo, nami nilikuwa nimeushika tayari kiganjani. Alitazama ufunguo. "Lile la kutoa gia," alisema hatimaye, "nilikusifu mbele ya jumuiya nzima." Nikasema ndiyo, Mama. "Kwa hiyo mkato huo wa mwisho ni wetu sote." Akafungua kitabu chake cha sala, ishara kwamba niende. Nilipofika mlangoni akaongeza bila kuinua macho, "Na Kwaresima ijayo, wafundishe juu ya kufunga."

Mkato wa mwisho ulifanyika Septemba. Miaka mingi imepita, na nimefundisha mambo mengi kwa watu wengi, na kila mara nimejitahidi kurudi baadaye kuona somo langu limekwenda wapi likiwa mikononi mwa wengine. Sikulijua hilo kabla ya mwaka ule. Sikumwambia Fundi Shabani kwamba alinifundisha hilo; nilidhani tuna muda. Nilimwambia Mama Mwajuma pale mkekani, naye akasema, "Alijua. Kila mwezi wa Ramadhani alikuwa anataja maji ya yule mfinyanzi."

Jumanne ya kwanza baada ya mkato ule nilishuka kona saba kwa gia ya pili, nikigusa na kuachia. Wanawake waliimba. Mama Kalekwa alikuwepo na debe lake limejaa, lakini hakuinama. Alikwenda kwenye gurudumu la kushoto akalisogezea nyuma ya kiganja chake bila kuligusa, kama tunavyompima mtoto. "Bado ana homa," alisema. "Nenda kahudumie watu." Akaliweka debe kivulini akaketi juu ya jiwe, akingoja. Tulipima watoto na kutoa dawa hadi saa tisa. Nilipotoka magurudumu yote manne yalikuwa yamelowa na kung'aa, debe limefudikizwa juu ya jiwe likauke, naye amekwisha kwenda kwenye vyungu vyake. Tukapanda kilima. Juu kabisa, mahali panaponyooka, Sista Emiliana aliacha kusali bila kuambiwa. Nikaongeza mwendo, kisha nikakanyaga breki. Rozari ilikwenda mbele, ikarudi, ikatulia.